Mlinzi wa Madumu Anastaafu

Vijana wa kidato cha kwanza, kaeni chini, mzee anaaga kazi. Nina miaka kumi na saba na mgongo unauma, hasa kipindi cha hesabu.

Siku yangu ya kwanza kazini, Makamu Mkuu wa Shule alinikamata nikicheka mstarini. Badala ya fimbo akanipa cheo: kiranja wa maji. Kituo changu kilikuwa chemchemi ya bondeni, hapa Titye, tunayochota pamoja na kijiji. Nililinda foleni kwa filimbi. Foleni yetu haina watu. Linasimama dumu, mwenyewe yuko shambani anapalilia maharage. Kusogeza dumu la mtu ni kama kumvuta sikio. Mshahara alinilipa Bibi Sabina wa kijijini: kiazi cha moto kila asubuhi.

Mwanzoni nililala kazini kwa amani. Kisha maji yakawa uzi, na madumu yakaanza kutembea, yote yakielekea mbele. Mama mmoja akamwambia Bibi Sabina, ambaye wazazi wake walitoka Burundi kabla baba yangu hajazaliwa, akachote kwao. Kesho yake tukakuta madumu yametobolewa. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano pale pale chemchemini: familia za akina Bibi zizuiwe, eti ndizo zilizomaliza miti na kukausha maji.

Nikaona kiazi changu kinaondoka. Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo Mwenyekiti. Miti haijaisha. Ile pale imesimama, inakunywa."

Nilionyesha mikaratusi ya shule iliyozunguka chemchemi, imenyooka kama askari. Makamu aliipanda mwenyewe na aliipenda kuliko sisi. Ni yeye pia aliyetufundisha darasani kwamba mkaratusi hunywa maji kupita kiasi. Watu walicheka, halafu wakamgeukia Makamu. Aliitazama miti yake, kisha akanigeukia.

"Kiranja," akasema, "unajua kushika shoka?"

"Hapana, Mwalimu."

"Utajua kesho."

Tuliikata yote. Bibi Sabina na yule mama waligombania tawi moja la kuni, kila mmoja akivuta kwake, mpaka wakaanguka wote na kucheka. Tumepanda mikuyu, ambayo hutunza maji. Maji sasa yana unene wa kidole. Manung'uniko bado yapo, ila hakuna dumu linalotobolewa.

Jana nilikabidhi filimbi, nikaweka dumu langu mbele kabisa, kwa heshima ya utumishi wangu. Niliporudi nikalikuta mwisho wa foleni.

"Umestaafu, mwana wanje, mwanangu," Bibi Sabina akasema. "Subiri kama wenzako."

Juu ya kifuniko kulikuwa na kiazi, bado cha moto.