Waliyemfukia Katikati ya Uwanja

Mimi niliishia darasa la nne. Shule yangu ni mpira. Nimecheza kiungo timu saba, Ihanda, Chonyonyo, Bugene, mpaka kule Kyerwa, kila msimu jezi nyingine. Hodari sana sikuwa, sitaki kudanganya, ila katikati ya uwanja palikuwa kwangu. Nyumba ya bati nimeipata kwa jembe, ukocha kwa miguu. Hakuna aliyenibeba.

Waliponipa timu ya kata nilitaka jambo moja tu, niifikishe ligi ya mkoa kabla sijafa. Ikabaki mechi moja. Tukishinda, tunapanda.

Asubuhi ya mechi akaja mwenyekiti wa timu, mnunuzi wa kahawa, mzee wa kanisa tena.

"Waitu, kocha wetu, kamati ya ufundi imemaliza kazi."

"Ufundi gani? Kocha si mimi?"

"Ufundi wako huo wa mazoezi tu. Kuna kitu tumefukia duara la kati. Vijana wasilikanyage mpaka mapumziko. Akikanyaga mmoja, dawa inatugeuka."

"Mimi kiungo, unanikataza katikati?"

"Zungukeni."

Nilimfukuza. Kumbe vijana alishawaambia.

Mpira walianza wageni, timu ya Bugene. Wangu wakalizunguka lile duara kama watu wanaokwepa dimbwi la matope, wageni wakapita hapo wanavyotaka. Dakika ya kumi tukafungwa.

Sasa, anayefungwa ndiye anaanzisha mpira, na mpira unaanzishwa katikati. Hilo mganga wa kamati hakulijua. Refa akapiga filimbi. Hakuna aliyesogea. Nahodha anamsukuma mshambuliaji, "Nenda wewe!" na mshambuliaji, "Nina mtoto mchanga mimi!" Watu wa Bugene pembeni wakapiga kelele, "Leteni mbuzi aanzishe!"

Niliingia mwenyewe. Refa ananifukuza, mimi nachimba kwa mikono. Nikatoa chungu kidogo. Ndani kichwa cha jogoo kimeoza, funza wanatembea, na chini yake kitambaa. Nikakikunjua. Namba nane. Jezi yangu ya ujana, niliyoitafuta nyumbani mwezi mzima. Walikuja kwangu, wakala matoke yangu, wakaiba.

Nilitapika palepale, mbele ya watu wote.

Nikawaambia vijana, haya, kimetoka, chezeni. Wapi! Miguu ilishakufa. Tukafungwa tatu.

Jioni mwenyekiti akasema mbele ya wote, "Mzee ametufungisha. Angekiacha, tungepanda."

"Na mpira angeanzisha nani?" nikamuuliza.

Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Bado anabisha."

Wakanitoa. Kamati ya ufundi imebaki. Jumapili kanisani nilimwona mwenyekiti anapitisha kapu la sadaka, kavaa suti. Alipofika kwangu nikampa mkono ule niliochimbia, nikaung'ang'ania wake mpaka wimbo ukaisha.

Ligi ya mkoa sikufika, na kwa umri huu sifiki. Jezi nimeifua mara tatu. Bado inanuka.