Vyandarua Tulivyovipika

Maji ya mgomba hayatoki kwenye nguo. Kila mama wa vilima vya Masisi anajua hilo, na kila mtoto aliyerudi shambani na doa kwenye shati la shule amechapwa kwa sababu hiyo. Mimi nilichukua ujuzi huo wa nyumbani nikaupeleka vitani, na nusura nimuue mjukuu wangu.

Nilikuwa relé, yaani mtu wa kijiji anayetumwa na kituo cha afya kupita nyumba kwa nyumba. Siku moja yalipanda malori kutoka Goma yamejaa vyandarua, na pamoja nayo mama mmoja mgeni wa ng'ambo. Alizungumza Kifaransa, muuguzi wa kituo akatafsiri. Alisema dunia imeamua malaria iishe, nchi moja baada ya nyingine, na kwamba zamu yetu imefika. Nilicheka moyoni. Dunia iliyoshindwa kutumalizia vita sasa inaanza na mbu. Lakini vyandarua nilivipokea kwa mikono miwili, maana watoto wawili niliowazika mimi mwenyewe walikufa kwa homa, si kwa risasi.

Tatizo lilikuwa rangi. Vilikuwa vyeupe pe.

Nyakati hizo hatukulala majumbani. Nyumba zilizokuwa kando ya barabara zilivamiwa na wenye bunduki mara mbili, kwa hiyo jua likianza kuinama kila familia ilishuka bondeni kulala kwenye migomba, karibu na kinamasi, mahali ambapo mbu wanakungoja kama wakwe wanaongoja mahari. Jirani yangu, ambaye mimba yake ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuonekana, alikuja na chandarua chake bado kimekunjwa.

"Mama, hii kitu iko mweupe sana," aliniambia. "Mwezi ikitoka, batatuona toka kule kilima."

Alisema kweli, na mimi sipendi swali linishinde. Nikaazima sufuria la harusi, nikakatakata shina la mgomba, nikaongeza udongo mweusi wa kinamasi, nikachochea moto. Tulivichemsha vile vyandarua kutwa nzima. Vilitoka na rangi ya shamba lililolimwa jana. Kijiji kizima kikaja kupanga foleni na mimi, ambaye kichwa changu huvimba upesi kwa sifa, nikasimama pale na mwiko natoa amri kama koloneli.

Kila mwezi nilijaza fomu ya kampeni. Swali lilikuwa moja: mtoto alilala ndani ya chandarua jana, ndiyo au hapana? Niliandika ndiyo, nyumba baada ya nyumba. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba tunalala porini, wala kwamba tumepika vyandarua. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Muuguzi alitusifu mbele ya vijiji vingine.

Mvua zilipoanza, homa zikaanza. Kwanza hapa, kisha pale, kisha kila nyumba. Nililaumu mvua, nikalaumu maembe mabichi. Mjukuu wangu alikuwa na miaka mitatu. Mama yake, binti yangu, alikuwa amemfuata mumewe kwenye machimbo ya Bisie kuwapikia wachimbaji, na siku ya kuondoka alinishika mikono akasema, "Mama, nakuachia jicho yangu." Mchana mmoja, nikiwa nachambua maharagwe, lile jicho lake lilipinduka. Mtoto alikakamaa na meno yakaumana. Nilimfunga mgongoni, nikamfunika na kile chandarua cha rangi ya udongo kwa kuwa kilikuwa karibu, nikashika njia ya Mweso, kwenye hospitali.

Bariyeri, kile kizuizi cha wenye bunduki barabarani, ilikuwa imefungwa. Asubuhi risasi zilikuwa zimelia upande wa pili, na kijana mwenye bunduki aliniambia nikae chini mpaka mkubwa wao arudi. Nilikaa. Joto la mtoto lilinichoma mgongo kama jiwe la jikoni. Nikasikia anasaga meno tena. Nilisimama, nikaambiwa keti, nikaketi. Kijana alikuja akavuta kile chandarua, akakigeuzageuza, akauliza ni nani anayefanya mustikere iwe nyeusi namna ile, na tunamficha nani.

Ningeweza kudanganya. Nilichoka tu.

"Ni siye tunajificha, papa," nilimwambia. "Tunajificha sababu ya ninyi."

Aliachia chandarua. Mwenzake mtu mzima, aliyekuwa ameketi kwenye gogo, hakuinua hata kichwa. Alisema mwanamke apite, huyo mtoto asije kufia pale kwao. Kamba ikashushwa nami nikapita bila kukimbia, maana anayekimbia hufuatwa.

Hospitalini walimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha mistari miwili ya malaria, wakamchoma sindano, kisha wakamwongezea damu. Muuguzi wa kike alichukua chandarua changu, akakinusa, akakiinua kwenye dirisha.

"Mama, njo nini mulifanya hii mustikere?"

Nilijibu kwamba watu wa kijiji wameipika. Watu wa kijiji! Hata sasa naona haya.

"Dawa yote ya kuua mbu ilitoka na maji," alisema, bila ukali. "Hii iko nguo tu."

Nilikaa siku nne kando ya kile kitanda. Siku ya tatu mtoto aliomba ndizi mbivu, nikalia mbele za watu. Wakati wa kuondoka walinipa chandarua kimoja kipya, cha huyo mtoto, cheupe kama vile vya kwanza.

Jirani yangu alinipokea kwenye kona ya shamba. Tumbo lake sasa lilikuwa kubwa. Alimbusu mtoto, akaona chandarua kwapani mwangu, akafurahi.

"Leta, mama. Nilisikia unarudi, maji iko tayari mu moto."

Alikuwa amenichemshia maji. Sufuria lile lile, na shina la mgomba limeshakatwakatwa vizuri, kama nilivyomfundisha. Niliketi chini nikamwambia yote: sufuria, dawa, fomu, na ule uongo wa Mweso. Hakupaza sauti. Aliweka mkono wake tumboni, nikaona midomo yake imekauka kwa homa.

"Sasa mimi nilale wapi?" aliuliza.

Kesho yake nilizunguka nyumba zote kukiri. Papa mmoja alinilaani, na alikuwa na haki. Jirani nilimpeleka kituoni akapewa vidonge. Jioni tuliinamisha matawi ya miti, tukatundika chandarua cheupe chini yake, na juu tukalaza majani ya mgomba, mabichi, tabaka tatu. Kutoka kilimani hakikuonekana kabisa. Akili ndogo kama hiyo ingetosha tangu mwanzo. Wanasema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nilikuwa nazo nyingi mno.

Chandarua kilikuwa cha watu wawili. Mtoto alilala katikati, jirani na tumbo lake upande mmoja, mimi upande wa pili, kuanzia magoti kwenda chini nikiwa nje. Mbu walikula miguu yangu hadi alipojifungua salama, msichana, mwanzoni mwa kiangazi. Sikuivuta ndani.

Kabla jirani hajajifungua, yule mama wa ng'ambo alirudi na fomu yake, safari hii akanihoji mimi mwenyewe. Aliuliza kama usiku wa jana nililala ndani ya chandarua, ndiyo au hapana.

"Nusu," nilimjibu.

Muuguzi alitafsiri. Mgeni alitazama karatasi yake juu na chini, kalamu mkononi, akitafuta mahali pa kuandika jibu hilo.