Hewa ya Nakuru Si Hewa ya Mombasa

Fundi alipotaja mia moja na moja, nilijua nitamchukia hadi jioni.

Asubuhi hiyo nilikuwa nipande Molo kumchukua mama yangu, nimlete Nakuru atolewe mtoto wa jicho. Zamu yake hospitalini ilikuwa saa tano. Lakini gari langu lilikuwa limeishiwa nguvu milimani, likipitwa hata na trekta, kwa hiyo nikapitia kwanza gereji moja karibu na mtaa wa Section 58.

Fundi alifungua swichi bila kuwasha injini, akachomeka mashine, akasoma sensa ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini, kwa kilopaskali. Themanini na mbili.

"Boss, sensa imekufa. Inafaa isome mia moja na moja."

Nilimweleza kwamba injini ikiwa imezimwa, sensa hiyo hupima tu hewa iliyotuzunguka. Mia moja na moja ni hewa ya Mombasa. Sisi tuko juu, hewa ni nyepesi; ndiyo sababu maharagwe ya Molo humaliza kuni kabla hayajaiva. Cha kutazama ni namba gari likikanyagwa mafuta: turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ikiwa nzima huipandisha mbali zaidi.

"Prof, wewe andika vitabu, mimi nitengeneze magari."

Wateja wawili waliokuwa wakinywa chai walicheka. Nilikuwa nimetumia ile sauti ya darasani, ambayo haijawahi kumwamsha mwanafunzi hata mmoja.

Nikasogea kando kumpigia mama simu. Niliporudi, sensa yangu ilikuwa imeshang'olewa na kupanda pikipiki kwenda mjini, kwa kuwa wauza spea wetu hawakuuzii kitu bila kuona sampuli ya kile cha zamani.

"Nani alikwambia uing'oe?"

"Tulia, mzee. Kazi inaendelea."

Nikakaa juu ya tairi nikichemka. Saa tano ikapita hapo hapo. Pikipiki ikarudi na sensa mpya. Fundi akaifunga, akasoma: themanini na mbili.

"Wamekuuzia feki," akasema, bila haya.

Nilimnyang'anya mashine nikaichomeka kwenye gari la mmoja wa wale wanywa chai. Themanini na mbili.

"Na hii pia ni maiti?"

"Wee! Yangu msiiguse!" mwenyewe akaruka, chai ikamwagika. "Iko sawa kabisa!"

Ndipo fundi akakubali kukaa kando yangu garini, tukaingia barabarani. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Namba ikafika themanini na mbili, ikagoma. Hewa ya turbo ilikuwa ikivujia mahali. Tukafungua boneti: paipu nene ya mpira ilikuwa imechomoka, klipu yake imelegea. Kazi ya bisibisi.

"Si nilikwambia shida ni hewa?" fundi akasema.

Nikaingia garini. Nilikuwa na mikono miwili tu, na yote niliihitaji kwenye usukani.

Kwenye mlima wa kwenda Molo namba ya presha, kwenye mashine niliyoazima kwa fundi, ilipita mia moja na hamsini, nami nikaitukana. Mama alikuwa sebuleni bado amevaa koti, mkoba magotini. Hospitali ilikuwa imempigia simu: nafasi yake imepewa mgonjwa mwingine. Aje mwezi ujao.

"Gari limepona?" aliuliza, akitazama kando yangu kidogo.

"Limepona, Mama."

"Basi angalau mmoja wetu ametibiwa leo."