Kazi Inayomngoja Teofili Kivukoni

"Hivi, Baba Digna, wewe umeandikwa kazi au umechumbiwa?"

Yosefina, jirani wa Teofili, alimuuliza hivyo mwezi wa nane, mtungi ukiwa kichwani, na wanawake waliomfuata wakacheka mpaka maji yakawamwagikia mabegani. Teofili naye alicheka. Wakati ule ulikuwa umepita mwezi mmoja tu tangu akubali kazi ya kuvusha watu Kivukoni. Sasa ni miezi minne na siku tisa, hajavusha hata kuku, na hakuna anayemtania tena.

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeulalia Mto Kilombero, ng'ambo haionekani. Teofili amechuchumaa ukingoni. Mikono yake ameiweka juu ya magoti kwa uangalifu, kama vitu alivyoazimwa. Mbele yake mtumbwi wa serikali umefungwa kwenye kigingi.

"Jana kabla jua halijatua niliufunga mwenyewe," anamwambia mgeni aliyekuja kuona. "Ulikuwa mkavu. Haya, tia mkono ndani."

Ndani mna maji. Kasia limelazwa kwa urefu, nalo linachuruzika. Kamba imefungwa fundo moja la kuvuta kwa mkono wa kushoto. Teofili hutumia mkono wa kulia, tena hufunga mafundo mawili.

Kisha anaonyesha tope. Kuna nyayo nyingi, za watu wazima na za wadogo, zimepandana. Zote zimetoka majini kuja nchi kavu. Hakuna hata moja iliyoelekea mtoni. Zinapanda hatua saba, nane, mpaka pale nyasi zinapoanzia, na hapo zinakoma. Umande juu ya nyasi haujaguswa.

"Ni hivi kila kunapokucha," anasema, na kuanza kuyakumba maji mtumbwini kwa kibuyu.

Mtumbwi huu ulikuwa na mwenyewe. Hermenegildi alivusha watu hapa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemfundisha Teofili kuusoma mkondo walipokuwa wakivua pamoja. Vita vya Majimaji vilipofika bondeni, askari wa boma walimwamuru awavushe, akawavusha mchana kutwa. Kesho yake akawavusha waliokuwa wakiwakimbia askari haohao. Siku ya tatu mtumbwi ulikutwa umekwama kwenye matete, kasia likiwa ndani, yeye hayumo. Walimtafuta siku nne. Hawakupata hata kipande cha nguo yake.

Teofili na mkewe Balbina nao walikimbilia ng'ambo na watoto watatu. Njaa iliwafuata hukohuko. Walirudi na mmoja, Digna, ambaye sasa ana miaka sita.

Mwezi wa saba mwaka huu, miaka miwili tangu vita vianze, serikali ilitaka kivuko kifunguliwe upya. Karani Mwinyimvua, mtu wa pwani, alifika na daftari lake, akauliza nani anaujua mto. Watu wakamsukuma Teofili mbele. Karani akaandika jina, akaokota kasia mtumbwini, akampa.

Teofili akalipokea kwa mikono miwili.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema. "Furaha ilinizidi. Nilifikiria chakula cha mtoto tu, nikasahau kasia ni la nani."

Kwa watu wa mto huu, kasia la mtu hushikwa baada ya matanga yake kuondolewa, na matanga hayaondolewi ila mkewe akubali kwamba ni mjane. Mke wa Hermenegildi hajakubali. Tena kuna jambo la pili, nalo ndilo linalomtesa Teofili. Mkono uliokwisha kupokea kasia umetolewa kwa mto. Haushiki jembe mpaka uvushe mtu wa kwanza. Akithubutu kulima, wazee wanasema, shamba lake litaota matete.

Basi kasia hawezi kulivuta, na jembe hawezi kuligusa. Msimu wa kupanda mpunga umefika, na Balbina analima peke yake. Mwaka jana walilima majaruba manne. Mwaka huu amefikia moja na nusu. Akiba iliyobaki ndani ni vibaba vitatu vya ulezi.

Karani Mwinyimvua haelewi kisa hiki. "Mimi nimemwandika aliye hai," anasema, akigonga daftari kwa kidole. "Hao wengine hawamo humu. Lakini Teofili ni muungwana, kila Jumatatu anakuja kuniamkia, basi na mimi namvumilia. Mvua ya kwanza ikinyesha nikamkuta bado amekaa, Wallahi namwandika mwingine. Serikali haingojei kilio."

Ndiyo maana Teofili hakosi Jumatatu hata moja. Hukumba maji, huziba nyufa za mtumbwi kwa utomvu, hufyeka magugu ya njia ya kivukoni kwa panga, maana panga halikukatazwa. Jumatano na Jumamosi humpelekea kuni Stefania, mke wa Hermenegildi. Huzitua mlangoni na kusema shikamoo mama. Stefania huitikia marahaba, na mazungumzo huishia hapo.

Stefania ni mwanamke wa sala, hana ugomvi na mtu. Ila padri alipomwomba amtaje mumewe kwenye Misa ya wafu, alikataa. Humwombea pamoja na wasafiri. Kila jioni hupakua chakula cha watu wawili.

Balbina hajawahi kushuka kuziona nyayo za kivukoni.

"Nikienda nitaanza kuzipima zile ndogo," anasema.

Jumapili hii, baada ya sala, wingu zito limejikusanya upande wa Uchindile. Balbina anapepeta ulezi ndani, Teofili ameketi karibu naye. Stefania anaingia bila kubisha hodi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Anakaa kwenye kigoda na kumtazama Teofili usoni.

"Nimeliona wingu," anasema. "Nawe umeliona. Sasa sema. Unataka nimuue mume wangu kwa mdomo wangu, ili wewe upate mshahara?"

"Hapana, mama."

"Kuni zako zote zile zilikuwa za nini?"

"Za kupikia, mama. Na za kuomba pia, sitakuficha."

Stefania anaguna, karibu acheke. "Umemwona?"

"Yeye sijamwona. Naiona kazi yake."

"Fundo?"

"La kushoto."

Mwanamke anafumba macho. "Nalijua. Mimi hushuka kabla yako. Nasimama mbali, nasikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, nasikia watu wanashuka. Hawasemi kitu. Hata watoto hawalii. Anawarudisha waliofia ng'ambo. Akimaliza wote, atashuka na yeye. Nitawezaje kusema amekufa, hali anafanya kazi?"

Ungo unatulia mikononi mwa Balbina, na Teofili anasogea karibu na kigoda.

"Mama, mimi nimeziangalia nyayo zile miezi minne. Hazipungui. Tena yeye mwenyewe alinifundisha, mvushaji haachi kasia chini mpaka wa kumpokea afike. Hata awe amechoka vipi. Mama, miaka miwili hajapokelewa."

"Na wewe ukimpokea, wale waliobaki je? Utawaacha wamesimama kule?"

Anayejibu ni Balbina, na sauti yake iko chini.

"Dada Stefania, wangu wawili walifia kule. Kama wamekwisha kufika, wamefika. Kama bado, baba yao atawaleta. Yeye ndiye anayezijua sura zao. Mwache mumeo akapumzike."

Nje upepo unapita juu ya makuti. Harufu ya mvua inaingia ndani.

Stefania anafungua pindo la kaniki yake. Anatoa wembe uliofungwa kwenye kitambaa, chuma chake kimenolewa upya. Amekuja nao tangu nyumbani. Anautua mapajani mwa Balbina, anashuka kwenye kigoda, anakaa chini na kumpa mgongo. Kisha anavua kilemba.

Nywele zake zimesukwa vizuri, kama za mke anayemtazamia mumewe leo. Balbina anazifumua taratibu, analowesha kichwa kwa maji, na kuanza kunyoa kama wajane wa hapa wanavyonyolewa. Anamwombea marehemu kwa sauti ndogo, Raha ya milele umpe ee Bwana. Jina la Hermenegildi linapofika, Stefania mwenyewe ndiye anayelitamka.

Teofili ametoka akasimama kizingitini, maana haifai mwanaume kutazama. Anaeleza mpango wake akiwa amegeukia mtoni. Kesho Jumatatu atamwamkia karani mapema, kisha ataingia mtumbwini bila abiria. Atavuka mpaka ng'ambo na kusema kwa sauti, "Kaka, nimepokea." Atangoja hapo kidogo, awape nafasi wanaotaka kupanda. Atarudi polepole kama mtumbwi umejaa, hata kama anaonekana peke yake. Baada ya hapo mtu yeyote mwenye kuku wake au mzigo wake aje, atamvusha. Na jioni atashika jembe, amalizie jaruba la pili na mkewe kabla maji hayajafunika.

"Kama kamba itakutwa na mafundo mawili keshokutwa," anasema, "nitajua amekubali."

Ndani, wembe umesimama. Balbina anapangusa kichwa cha Stefania kwa kiganja, mara mbili, kama anavyompangusa Digna.

Stefania anainuka. Anakung'uta mabega, anazikusanya nywele zake zote kwenye kitambaa na kukifunga. Anampita Teofili mlangoni, anashika njia ya kwenda kwake, na tone la kwanza la mvua linampata kichwani akiwa anakwenda.