Hard disk ya laptop ya mjomba iligonga wiki nzima, tukasingizia mashine ya alizeti

Wakuu, habari za humu.

Mtanisamehe nikikosea herufi. Nimeishia darasa la saba, na naandika kwa simu kwa kidole kimoja, kwa hiyo uzi huu nimeuandika kidogo kidogo. Mambo yenyewe yalitokea mbele ya macho yangu, sijaongeza chumvi.

Kwetu ni Mgori, lakini nakaa Manyoni kwa mjomba wangu. Ana kibanda cha kuweka nyimbo na sinema kwenye simu na flash. Pia anachukua video za harusi. Kazi zote ziko kwenye laptop moja.

Ukuta wa pili wa kibanda ni mashine ya kukamua alizeti. Ikiwashwa, meza inatetemeka na chai inacheza kikombeni. Laptop inakaa juu ya meza hiyo hiyo, imefunikwa kitambaa cha kufuma alichokitengeneza mama mkubwa, eti vumbi lisiingie. Kwa hiyo inatetemeshwa huku imefunikwa, na joto halina pa kutokea.

Sasa dalili.

Kwanza ikawa nzito. Ukifungua folder, unaweza kwenda kununua vitumbua ukarudi bado inazunguka. Halafu baadhi ya nyimbo zikawa zinakwama katikati. Kisha ukaanza mlio, tk, tk, tk, kama mtu anagonga kucha kwenye sahani.

Nikamwambia mjomba. Akasema, "Hiyo ni mashine ya jirani. Wewe umeisikia leo?"

Nikaendelea kuweka nyimbo. Mimi si mtu wa maneno mengi.

Siku moja umeme ukakatika. Mashine ikazima, mtaa wote kimya. Laptop ilikuwa na chaji kidogo. Tk, tk, tk.

Nikamtazama mjomba. Naye akanitazama. Akasema, "Basi ni vumbi." Akainua laptop, akaipuliza pembeni kwa mdomo, akaipiga kibao cha mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Wakuu, niliumia.

Niwaeleze kwa nini. Ndani ya laptop ile kulikuwa na mkanda wa harusi ya dada Rehema wa Itigi. Bado hajakabidhiwa, mjomba kila siku alisema anaupamba. Baba yake, Mzee Juma, alifariki muda mfupi baada ya harusi ile. Dada Rehema alishapiga simu kwamba anakuja kuuchukua, ndugu wauone kwenye arobaini ya mzee. Camera ilishafutwa ikatumika kwingine. Mkanda haukuwa mahali pengine popote.

Mjomba akamwita fundi. Fundi hakukaa hata kwenye kiti. "Hii tunapiga window tu, inakuwa mpya."

Nyie mnajua hapa kwetu kila ugonjwa wa laptop dawa yake ni kupiga window, yaani kuweka Windows upya. Haiwaki, window. Imemwagikiwa chai, window. Na fundi huyu akipiga window anafuta kila kitu, nilishamwona akifanya hivyo kwa laptop ya mwalimu mmoja.

Nilitaka kumzuia. Yule ni mtu mzima, sawa na baba yangu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Shikamoo fundi."

Akasema, "Marahaba. Si umeshanisalimia wewe?"

Mjomba akacheka mpaka akashika meza.

Bahati nzuri CD yake ya window ilikuwa na michubuko, ikagoma kusoma. Akaondoka akatafute nyingine.

Humu jukwaani nilishasoma mtu akisema ukisikia hard disk inagonga, acha mengine yote, hamisha kwanza vitu vyako. Nilimwonyesha mjomba. Akakubali, akaazima external, ile hard disk ya kuchomeka nje, kwa rafiki yake. Nikashukuru Mungu.

Halafu akaanza kukopi sinema.

"Mjomba, mkanda wa dada Rehema?"

"Utafuata. Hizi ndizo zinazotulisha."

Tukakaa tunautazama ule mstari wa kijani wa kukopi. Unasogea kidogo, unalala. Mlio nao unazidi. Sinema zenyewe ni zile zile zilizoko kila kibanda kuanzia stendi mpaka stesheni.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Mjomba akaenda msikitini, akaniachia kibanda.

Nikasimamisha sinema. Mkanda ulikuwa vipande vipande, nikajua havitahama vyote. Nikachagua kwanza kipande cha nikahi, ambacho Mzee Juma yumo.

Mjomba akarudi, akaona. "Nani kakwambia ukate?"

Safari hii sikutoa shikamoo. Nikasema, "Mjomba, sinema ziko kila kibanda. Mzee Juma yuko humu tu."

Akavuta kiti, akakaa, akakitoa kile kitambaa na kukikunja mapajani.

Kipande kile kikamaliza kuhama. Cha pili kilipoanza, laptop ikatoa mkwaruzo, kioo kikawa cheusi na maandishi ya Kiingereza. Haijafunguka tena hadi leo.

Dada Rehema alikuja. Mjomba akamweleza huku anaangalia chini. Keki, zawadi, kuingia ukumbini, vyote hakuna. Tukamwekea kilichobaki kwenye laptop ya kuazima.

Mzee Juma yuko sebuleni, kanzu mpya ina mikunjo ya dukani. Anataja maneno ya kuozesha haraka haraka. Shehe anamwambia, "Polepole mzee, hatufukuzwi." Mzee anacheka.

Dada Rehema akauliza, "Mimi simo?"

Nikamwambia, "Humo dada. Ulikuwa chumbani na wanawake."

Nikajua sasa tunatukanwa.

Akasema, "Rudisha pale alipocheka."

Nikarudisha. Akasema tena. Nikarudisha tena.

Nilichojifunza: mlio ukianza, usipulize, usipige, usiite mtu wa window. Okoa kwanza kile ambacho huwezi kukipata kwa jirani.

Laptop nyingine imepatikana. Mjomba ameiweka juu ya meza ile ile, na kitambaa amekirudisha. Nimemwambia, anasema, "Hii ni mpya."

Wakuu, hard disk iliyokufa nimeifunga kwenye mfuko, iko sandukuni kwangu. Kama kuna anayejua namna ya kuvitoa vile vipande vingine, naomba aniandikie hapa. Nasoma taratibu na kujibu nachelewa, lakini nitajibu kila mtu.