Ubeti wa Mkoromo

Mjukuu wangu Raya, iko siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, siku niliyoapa kuwa sitotunga tena shairi. Jana nimekusikia nawe unaapa vivyo hivyo, kisa kaka yako kalituma shairi lako kwenye kundi la simu la ukoo mzima bila ya kukuuliza.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisomea habari za yule bibi mshairi wa Marekani, ile ya zamani hasa, ilipokuwa bado koloni. Mimi niliishia sekondari, na safari yangu ndefu ni ya kutoka jikoni mpaka barazani, lakini bibi yule nilimwelewa mara moja. Analea, anapika, mume yuko safarini kwa kazi za serikali, naye anamtungia beti za kumkumbuka. Mara shemeji yake anazibeba karatasi, anavuka nazo bahari, zinachapishwa kitabu. Mwenyewe hana habari.

Na mimi nilikuwa na shemeji, mwanangu.

Babu yako alikuwa kazini Salala, mbali huko kusini, mimi mke mpya hapa mtaani Khuwair. Nikamtungia shairi, nikalisoma kwenye kaseti, nikampa shemeji ampelekee; enzi zile kaseti ndiyo barua yetu. Kumbe bwana yule, kabla hajaondoka, katoa nakala kawapa shangazi zake wa mtaa wa Mawaleh! Na humo ndani, Mungu anisamehe, mna ubeti unaosema sipati usingizi kwa kuukosa mkoromo wa mume wangu.

Siku ya hina ya wifi yangu, naingia tu, wanawake wote: "Khrrr!" Mmoja akanivuta buibui. "Bi Mkoromo, karibu! Jana umelala?"

Nikakimbilia jikoni kwa mama mkwe. "Mama, mimi na mashairi basi. N'nakufa kwa aibu."

"Aibu ya nini? Mumeo yule, hukumwibia mtu," akasema, anapakua wali, hata hakugeuka. "Shemejio n'tamshughulikia mimi. Lakini ubeti wenyewe mbovu, mizani umeivunja. Rudi kautengeneze."

"Sasa hivi?"

"Ukautengenezee kaburini?"

Nikarudi kwa wale wanawake, nikausoma upya mbele yao. Mkoromo sikuutoa, maana ndio ukweli wenyewe. Niliupanga vizuri tu, nikaongeza ubeti wa mto ulio baridi upande wa pili wa kitanda. Hakuna aliyecheka. Yule aliyenivuta buibui alikuwa anafuta macho. Mumewe naye yuko mbali, kwenye visima vya mafuta.

Yule bibi wa Marekani naye hakukichoma kitabu. Alikaa akazisahihisha beti zake, akaendelea kutunga.

Basi nakwambia: maneno ya mwenzio usiyatoe bila ya idhini yake, na kaka yako mwite nimwambie mwenyewe. Lakini yako yakishatoka, usiyakane. Yatazame, yatengeneze, kisha yasome kwa sauti yako.

Mungu akupe maneno ya kweli na moyo wa kuyasimamia, akupe na mume wa kumtungia. Akiwa anakoroma, vumilia. Wangu yuko hapa pembeni, alasiri yote ananiharibia mizani.