Fungu Moja la Verlyn na Ardis

Verlyn Tollefsrud aliendesha greda la kusukuma theluji huku kwetu kaskazini mwa Minnesota mpaka alipostaafu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Ungemkuta kaanguka kwenye barafu, goti limevunjika, ukamuuliza hali, angekujibu, "Si mbaya." Watu wa huku ndivyo walivyo. Nimeolewa kwao, nimezaa kwao, kwa hiyo nina ruhusa ya kuwasema: kulalamika mbele ya mgeni ni aibu kuliko kutoka nje bila suruali.

Aibu ya pili ni kulipa bei kamili. Verlyn alikuwa mkono wa birika, ingawa ubahili huo alijifanyia yeye mwenyewe. Gari lako likikwama thelujini alikuja kulivuta na hakutaka hata ahsante.

Yeye na mkewe Ardis walipokuwa bado na nguvu zao, alikuja wakala wa bima ya matunzo ya uzeeni, ile inayomlipa mtu aje akuogeshe na kukuvalisha siku mwili utakapokataa. Verlyn alimbana wakala yule mpaka jasho likamtoka. Alikata bima mapema, kabla daktari hajamwandikia kidonge chochote. Alikubali kwamba wakiugua, miezi mitatu ya kwanza watajihangaikia wenyewe, na ada ikashuka. Kisha akachukua ile ya mume na mke kwa pamoja: fungu ni moja, kila mmoja anachota humo, anachobakiza huyu ni cha yule. Ada ikashuka tena. Jumapili ile, kwenye kahawa ya baada ya ibada, alijisifu kwa namna yake. Alisema, "Hatukufanya vibaya."

"Verlyn," mume wangu akamwambia, "wewe hata jeneza utanunua la watu wawili."

"Wakipunguza bei, kwa nini nisinunue? Ardis mwenyewe mwembamba. Tutabanana."

"Nibanane na wewe?" Ardis akadakia. "Nitafufuka siku hiyo hiyo, nihame."

Kiharusi kilimpata Verlyn miaka mingi baadaye, kikachukua upande wote wa kushoto. Ardis akawa anamnyanyua, anamwogesha, anamfunga vifungo. Ile miezi mitatu ikapita, na mgongo wa Ardis ukaenda nayo. Siku moja alikuja kwangu kurudisha bakuli, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Jana tulianguka bafuni," alisema, kana kwamba ananipa habari za mvua. "Tukakaa sakafuni tukisikiliza redio mpaka nikapata nguvu."

"Ardis! Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa unapika."

Nilitamani kumtikisa mabega. Kama bima ingekataa kulipa, Verlyn angepelekwa kwenye nyumba ya wazee, mwendo mrefu kutoka hapa, na Ardis haendeshi tena gari wakati wa baridi. Miaka yao hamsini ya ndoa ingeishia kwenye simu.

Kabla ya kulipa, kampuni humtuma muuguzi aje kujionea. Mgonjwa akionekana hawezi peke yake mambo mawili tu, tuseme kuoga na kuvaa, fungu linafunguliwa. Sasa angalia waliyoyafanya akina Tollefsrud. Waliambiwa anakuja muuguzi. Wao walisikia anakuja mgeni. Nilipoingia asubuhi ile sakafu ilikuwa inang'aa, keki ya limau iko mezani, na Verlyn amekaa kitini, kanyolewa ndevu, shati limefungwa hadi shingoni, kamba za viatu zimekazwa. Mkono uliokufa ulikuwa umefichwa chini ya blanketi.

Nikamvuta Ardis jikoni. "Umempamba kama bwana harusi! Huyu anakuja kumwona mgonjwa!"

"Sasa mgeni apokelewe na mtu mwenye nguo za kulalia?"

Muuguzi aliitwa Renae, mwanamke mchangamfu, mzaliwa wa huku huku. Alikula keki, akaisifu, kisha akauliza maswali yake.

"Unaoga mwenyewe, mzee?"

"Naoga."

"Na kuvaa?"

"Si unaniona nimevaa?"

"Kwa jumla unajionaje?"

"Si mbaya."

Nikamtazama Ardis aseme neno. Kumwumbua mumewe mbele ya mgeni? Akamwongezea Renae keki. Mimi nilikuwa nachemka, lakini nami ni jirani tu.

Renae akafunga mkoba, akajipiga mapaja, akasema, "Haya basi." Hapa kwetu hapo ndipo kuaga kunapoanza. Mwenye nyumba ananyanyuka, anamsindikiza mgeni mlangoni, wanaongea tena pale, wanaongea tena kwenye gari, kisha anapunga mkono mpaka gari lipotee. Verlyn hajawahi kumwacha mgeni atoke peke yake. Tangu augue, Ardis alikuwa akipita nyuma ya kiti, anamshika mkanda, anamwinua huku akipiga soga, na mgeni haoni kitu.

Safari hii Ardis alikaa. Alikuwa na sahani ya keki mapajani, anatazama dirishani.

Verlyn akajisukuma kwa mkono wa kulia, akarudi chini. Akajaribu tena.

"Ardis. Mgeni anaondoka."

"Namwona."

Akajaribu mara nyingine, blanketi likaanguka, na ule mkono ukaning'inia.

"Siwezi," alisema.

Renae akaweka mkoba chini, akakaa. "Nani kakufunga hizo kamba za viatu?"

"Yeye."

"Nani anakuogesha?"

"Yeye."

"Sasa mbona ulinidanganya, mzee wangu?"

Verlyn akamwonyesha Ardis kwa kidevu. "Fungu ni moja. Nikilichota mimi, yeye atabaki na nini zamu yake ikifika?"

Na mimi nilidhani ni kiburi tu! Niliona haya.

"Mzee mjinga wewe," Ardis alisema. "Ukiuvunja mgongo huu, zamu yangu ni kesho."

Renae akatoa kalamu. "Basi tutaomba mtu aje asubuhi na jioni."

"Asubuhi tu," akasema Verlyn. "Pesa za jioni mwekee Ardis."